Kuimba Nimewapa Watu Mgongo

Watu wengi wanaoijua bendi yetu wananijua kwa mgongo. Kwenye video zinazozunguka kwenye simu, mpiga gitaa anaonekana uso, mpiga ngoma anaonekana meno, na mimi ninaonekana nywele zilizosukwa na koti jeusi. Wengine husema ni mtindo. Kijana mmoja aliandika mtandaoni kwamba nimeikataa dunia. Nilicheka peke yangu, kwa sababu mimi sijaikataa dunia, ninaionea haya tu.

Haya hizo ni za tangu utotoni. Mwalimu akiniuliza kitu, hata kama jibu nilikuwa nalo, nilitazama dawati mpaka akachoka na kumwendea mwingine. Nilipomaliza darasa la nane nilibaki nyumbani Mugutha, na mama akanitafutia kazi kwenye kisiagi, kile kinu cha kusaga mahindi kilicho kando ya barabara ya kuingia kwetu.

Kisiagi ni mahali pazuri kwa mtu mwenye haya. Injini ikiwaka hakuna anayekuongelesha. Mteja anaweka debe lake chini, anasugua vidole kukuonyesha kama anataka unga laini au wa kukwaruza, nawe unatikisa kichwa. Nilianza kuimba nikiwa pale, kwanza kwa sauti ndogo, kisha nikagundua kwamba hata nikipaza sauti yote niliyo nayo hakuna atakayejua. Mimi mwenyewe sikuwa najisikia. Ili nijisikie ilibidi nikaze tumbo na kuimba juu ya injini, na sauti ikawa inatoka na kokoto ndani yake. Sikujua kwamba kuna watu duniani wanaoitafuta sauti ya aina hiyo.

Mahali pengine nilipoimba ni getini.

Mama yangu ni mwimbishaji wa getini, na ni mmoja wa wanaotegemewa sana huku kwetu. Siku ya ruracio, familia ya kijana ikipeleka mahari kwa kina msichana, wageni hawaingii hivi hivi. Geti linafungwa kwa ndani, wanawake wa nyumba ile wanasimama nyuma yake, na wanauliza kwa wimbo: nyinyi ni nani, mmetoka wapi, mnatafuta nini kwetu. Wanawake wa nje wanatakiwa kujibu kwa wimbo, papo hapo, kwa maneno yanayofaa siku ile na nyumba ile. Jibu likiwa jepesi, wa ndani wanaimba kwamba hawafungui, na swali linarudi. Nimeona wageni wakisimama juani na makreti ya soda mpaka soda zikapata moto, kisa mwimbishaji wao hana majibu. Mama hajawahi kuchomewa soda. Anaitwa kuimba Kiuu, anaitwa Ruiru mjini, anaitwa Thika, na kila aendako anakwenda na kina mama wa kikundi chake, wote wamejifunga leso za rangi moja.

"Swali la getini haliachwi chini," huwa anawaambia wanawake wapya. "Hata kama hujui utasema nini, fungua mdomo. Jibu litakuja likikuta mdomo uko wazi."

Mimi nilikuwa nabeba kiondo, kikapu chetu cha kusukwa, na kusimama nyuma kabisa. Lakini fikiria pale getini palivyo. Walio ndani hawanioni kwa sababu ya bati la geti. Walio nje wote wanaangalia geti, wamenipa mgongo. Hapakuwa na jicho hata moja juu yangu, basi nilikuwa naitikia kwa ile sauti ya kisiagi bila kuficha kitu. Geti likifunguka tu, ninafunga mdomo na kuinamia kiondo changu.

Hivyo ndivyo nilivyopatikana. Kulikuwa na ruracio Kahawa Sukari, kwenye nyumba moja nzuri yenye maua ukutani. Tulipoingia, kijana mmoja wa nyumba ile alianza kupita katikati ya kina mama akiwauliza mmoja mmoja.

"Shosho, samahani. Ni nani alikuwa anaimba kama lori ya mawe?"

"Kama ni matusi, kijana, sisi ni wageni hapa."

"Si matusi, shosho. Namtafuta kwa mazuri."

"Ni huyo wa kiondo. Lakini usitegemee akujibu. Hata sisi tulishazoea."

Alinijia. Nilitazama viatu vyake, ambavyo vilikuwa na kamba nyekundu. Akaniambia ana bendi, anapiga gitaa, na mwimbaji wao amehama. Nikaendelea kutazama kamba. Akaona afadhali azungumze na mama.

"Bendi ya kanisa?" mama akauliza.

"Hapana, mama. Ya rock."

"Hiyo si ndiyo ya kupiga kelele?"

"Ndiyo. Lakini ni kelele iliyopangwa."

Mama alimtazama vile humtazama mtu aliyetoa jibu jepesi. "Ungekuwa nje ya geti langu ungelala huko," akamwambia. "Lakini muulize mwenyewe. Akitaka atatikisa kichwa."

Nikatikisa kichwa. Mpaka leo sijui nilipata wapi ujasiri huo. Labda ni zile kamba.

Walikuwa wakifanyia mazoezi kwenye gereji ya baba yake, gari likitolewa nje. Siku ya kwanza alipowasha gitaa na lile boksi la sauti, nilishtuka kwa furaha, kwa sababu ilikuwa ni kisiagi kile kile, kimewashwa ndani ya nyumba ya watu. Niliijua hiyo sauti. Nilijua namna ya kupanda juu yake. Shida ilikuwa kwamba gerejini kulikuwa na watu, nami niliimba nikiwa nyuma ya mlango wa kuelekea jikoni, na waya wa maikrofoni umepita chini ya mlango.

"Niaje huko jikoni," mpiga ngoma alikuwa akiniita. "Wimbo umeiva ama tuongeze makaa?"

Huyo mpiga ngoma ni mtu wa mizaha, kazi yake ya mchana ni kubadilisha tairi za magari, na ana subira kuliko mtu yeyote ninayemjua. Kila tulipokutana alisogeza kile chuma cha kushikilia maikrofoni kidogo tu upande wao, bila kusema lolote. Mlango ukaachwa wazi. Kisha nikajikuta kizingitini. Kisha nikajikuta gerejini kabisa, nimemwelekea yeye na ngoma zake, na ukuta uko nyuma yake. Hapo nikakwama. Alisogeza tena, nikarudisha.

Onyesho la kwanza lilikuwa kwenye ukumbi mdogo Ruiru, Jumamosi mchana, pamoja na bendi nyingine za vijana. Nilipanda, nikaona watu, nikamgeukia mpiga ngoma kama nilivyozoea gerejini, nikaimba nyimbo zote hivyo hivyo mpaka mwisho. Nilidhani tutazomewa. Badala yake watu walipiga makelele ya kufurahi, na tuliporudi mara ya pili, vijana waliokuwa mbele nao walinipa mgongo, wakawa wanarukaruka wakitazama ukuta wa nyuma. Mpiga ngoma alicheka hadi akaangusha fimbo.

Kutoka pale mambo yalikwenda kwa kasi ambayo mimi sina. Mimi naandika polepole. Nyimbo zetu niliziandika kisiagini, mistari miwili nikisubiri debe lijae, kesho yake nafuta mmoja. Niliandika juu ya mahindi yaliyokwama kwenye mashine umeme ukipotea, juu ya jirani anayesubiri maji ya mfereji siku ya zamu yake, juu ya msichana aliyevaa viatu vipya siku ya matope. Maneno yalikuwa ya kawaida, ila yaliimbwa kama nyumba inaungua, na nadhani hicho ndicho watu walichokipenda. Ule wa mahindi ulianza kuchezwa redioni. Niliusikia kwa mara ya kwanza nikiwa kazini, kutoka kwenye simu ya mama mmoja aliyekuja na gunia lake, injini ikiwa imezimwa.

"Huyu msichana analilia nini?" akaniuliza.

"Sijui," nikasema.

"Sauti anayo. Lakini apelekwe akapate uji."

Baada ya mwaka huo niliacha kisiagi, kwa sababu tulikuwa tunaitwa Nakuru, tunaitwa Mombasa, tukaitwa hata Kampala, ambako watu walijua maneno yangu kuliko mimi. Tulipewa tuzo, na mpiga ngoma ndiye aliyekwenda kushukuru. Watu wakaanza kuvaa fulana zilizochorwa mgongo wa msichana mwenye nywele zilizosukwa. Niliwahi kukutana na mmoja dukani Ruiru, amevaa mgongo wangu kifuani, akanipita na mkate wake.

Mama alifurahi kwamba ninakula vizuri, lakini hakuwahi kuja kutusikiliza. Hakuwa akisema rock ni dhambi, kama wengine kanisani walivyosema. Neno lake lilikuwa lingine.

"Nimesikia kwenye simu ya dada yako. Unaimba, unaimba, unamaliza. Nani alikujibu?"

"Watu huwa wanaimba pamoja nami, mami."

"Wakikuangalia wapi? Mgongoni? Mgongo haujibiwi." Akaendelea kuchambua maharagwe.

Kwa mama, wimbo wa mtu mmoja ni nusu ya wimbo.

Kisha ikaja ile siku ya Thika. Kulikuwa na tamasha kubwa uwanjani, la mchana, na sisi ndio tulikuwa wa mwisho kupanda. Wiki moja kabla, mpiga gitaa alikuja kwetu Mugutha, akakaa kwenye stuli nje ya jiko, akakunywa chai yote kabla ya kusema kilichomleta.

"Wameweka jukwaa katikati ya uwanja," akasema. "Kama ulingo wa ndondi. Watu watakuwa pande zote nne."

Nilielewa mara moja. Hapakuwa na ukuta. Hapakuwa na upande wa kugeukia.

"Nimewaomba wabadilishe, wamekataa. Na kuna kitu kingine, sitaki ukisikie kutoka kwa mtu mwingine." Alikuwa anazungusha kikombe. "Kuna watu wanataka kutupeleka ng'ambo, nchi kadhaa. Watakuja Thika kutuona. Wameshauliza kama tuna mwimbaji anayeweza kutazama watu. Kuna dem wa Nairobi wamemtaja. Mimi nimesema mwimbaji ni wewe. Lakini Thika ikiharibika, sitakuwa na maneno ya kuwaambia."

"Anaimba vizuri?"

"Anaimba poa." Akafikiria. "Si kama lori ya mawe."

Alipoondoka nilioga, nikala, nikalala, na usingizi haukuja. Niliogopa kuipoteza kazi ile kuliko nilivyowahi kuogopa kitu. Si kwa sababu ya ng'ambo. Ni kwamba pale tu, nikiwa na ile kelele na maikrofoni mbele yangu, ndipo nilipokuwa mtu anayesema kitu. Nikinyimwa pale, ningerudi kutikisa kichwa maisha yangu yote.

Siku yenyewe, mama na kikundi chake walikuwa na ruracio asubuhi huko huko Thika. Hakuniambia kama atapitia. Mimi nilikuwa nyuma ya hema, mpiga ngoma akinishikia chupa ya maji.

"Ukiona ni ngumu, niangalie mimi," akaniambia.

"Nyuma yako kuna watu."

"Ni wafupi."

Tulipanda saa tisa alasiri, jua likiwa bado kali. Gitaa likaanza, ule wimbo wa mahindi, na watu wakapiga kelele. Nikamgeukia mpiga ngoma. Juu ya kichwa chake kulikuwa na nyuso, nyingi, zote zimenielekea. Nikageuka kulia, nyuso. Nikageuka kushoto, kuna kijana amebebwa mabegani kabisa ili anione vizuri. Nikazunguka tena, na tena, nikitafuta mahali penye mgongo. Watu walidhani ndivyo tulivyopanga, wakashangilia kila nilipozunguka. Mpiga gitaa alirudia ule mwanzo mara nyingine, akaurudia tena, akinitazama kwa macho ya mtu anayesukuma gari lililozimika. Mdomo wangu ulikuwa umefungwa kama mfuko wa simiti.

Ndipo nikasikia sauti ninayoijua kutoka chini, kwenye uzio wa jukwaa.

Walikuwa kina mama. Walikuwa wamejifunga leso zao, wengine wameshikilia vile vibakuli vya plastiki wanavyofungashiwa chakula cha sherehe, na mama yangu alikuwa mbele yao, mkono mmoja umeshika chuma cha uzio. Alikuwa anaimba. Aliimba kwa Kikuyu swali la getini, kwa sauti ile inayopenya bati: huyo aliyesimama hapo juu ni nani, na ametoka wapi, na anatafuta nini kwetu. Kina mama wakaitikia. Mpiga gitaa akainua mkono, ngoma zikanyamaza, uwanja mzima ukasikia kina mama wa Mugutha.

Hakuwa ananihurumia. Alikuwa ananiuliza kabisa, na kidevu kimeinuliwa, kama anavyouliza watu asiowajua.

Sikufikiria. Nimekulia nyuma ya mwanamke huyo, na kichwa changu hakijui kuacha swali lile chini. Nilifungua mdomo bila kujua nitasema nini. Nikaimba kwamba mimi ni mtoto wa kisiagi, kwamba nimetoka Mugutha na vumbi la unga kwenye nyusi, na ninachotafuta ni kufunguliwa, kwa sababu jua ni kali na nimebeba vitu vizito.

Vijana wa Thika si wageni wa mambo haya. Kila mmoja ameshasimama nje ya geti la mtu, kwa dada au kwa binamu, akisubiri wali. Waliielewa mara moja. Kutoka upande wa kulia sauti ya mwanamume ikapanda: "Hatufungui." Wenzake wakaipokea kwa kuimba, na kabla sijavuta pumzi uwanja wote ulikuwa unanikatalia, pande zote nne, huku wakicheka.

Jibu lilikuwa jepesi. Nilijua hata mimi.

Upande ule wa kulia kulikuwa na mwanamume mnene aliyevaa koti la mvua siku isiyo na mvua. Alikuwa amekunja mikono kifuani na kukaza uso kama mwenye boma. Ukitaka kumshawishi mtu afungue, huwezi kumpa mgongo. Nilikwenda hadi ukingoni upande wake, nikamwimbia yeye. Nilimsifia koti lake. Nikamwambia mwenye koti kama hilo ana nyumba isiyovuja, na nyumba isiyovuja haimwachi mgeni nje. Gitaa likaingia chini yangu taratibu, kisha ngoma, na ile kelele yote ikarudi, nami nikapanda juu yake kama zamani. Yule mtu akashindwa kukaza uso. Alifungua mikono kama malango mawili, na watu wa upande wake wakaruka.

"Na huku?" wa upande wa pili wakalalamika. "Huku ni nyumba ya nani?"

Nikaenda huko. Hapo ndipo nilipowaona watu kwa mara ya kwanza katika miaka yote ya kuimba. Msichana mmoja alikuwa anaimba amefumba macho. Baba mmoja alikuwa anamfunga mtoto kamba ya kiatu. Wawili walikuwa wanagombania mahindi ya kuchoma. Mwendesha boda alikuwa anarukaruka na helmeti kichwani. Wengi hawakuwa hata wananiangalia. Walikuwa wanaangaliana, kuona kama mwenzao amesikia walichosikia. Nilifikiri, hawa ndio niliokuwa nawakimbia.

Upande wa pili ukafungua. Wa tatu walikuwa wagumu, walitaka kujua nimewaletea nini, nikawaambia nimewaletea mpiga ngoma, hajaoa, anajua tairi. Mpiga ngoma akasimama akainama, wakafungua haraka.

Mpiga gitaa alinisogelea tukiwa katikati, jasho limemlowesha, akaniambia sikioni, "Yule dem wa Nairobi nitampigia mwenyewe nimwambie asisumbuke." Kisha akatazama saa. "Lakini harakisha. Tumebakiwa na dakika chache na hatujaimba hata wimbo mmoja tuliopanga."

"Umebaki upande wa mami."

"Basi mwambie afungue."

Nikaenda upande wa kina mama. Wenzake wote walikuwa wanacheza, vibakuli vimewekwa chini, na mmoja alikuwa ameshamwazima kijana mmoja leso yake. Walikuwa tayari kabisa kufungua. Mama yangu hakuwa tayari. Alisubiri gitaa lishuke, akaushika uzio kwa mikono miwili, akaniuliza swali jingine, gumu kuliko lile la kwanza: ikiwa nyumba ni kubwa hivi, na ina milango minne, mbona umechelewa hivyo kubisha hodi?

Uwanja ukasema "Eeeh," wakataka kusikia.

Nilipiga magoti ukingoni ili niwe karibu na uso wake, nikamtazama, nikafungua mdomo.